Ruta ya nyumbani yageuka geti la biashara ya mpakani

WAFANYABIASHARA wanaovusha bidhaa kati ya nchi za Afrika Mashariki wamezoea kulinda vitu vitatu: mzigo, gari na fedha. Kontena hufungwa kwa sili, lori hulala kwenye yadi yenye mlinzi, na mauzo ya siku hupelekwa benki kabla ya jioni. Lakini katika nyumba nyingi ambazo leo ndizo ofisi za biashara hizo, kipo kisanduku kidogo chenye taa za kijani juu ya kabati la televisheni. Humo hupita ankara, nyaraka za forodha na maagizo ya malipo, na mara nyingi mwenye nyumba hawezi kusema ni watu wangapi wanakitumia.

Kisanduku hicho ni ruta, chombo kinachosambaza intaneti ya Wi-Fi ndani ya nyumba. Mawimbi yake hayaishii ukutani. Hupita dirishani, hufika kwa jirani, kwenye kibanda cha ng'ambo ya barabara na hata kwa mtu aliyeegesha gari nje ya geti. Mwenye neno la siri huingia, na pale ambapo neno hilo ni rahisi, hata asiyepewa huingia.

Wengi hulichukulia suala hili kama kero ya bando kuisha mapema. Kwa mtu anayefanya biashara ya mpakani, bando ndiyo hasara ndogo kuliko zote.

Karatasi zimetangulia lori

Hali hii haikuwepo miaka 20 iliyopita. Intaneti ya ukanda huu ilitegemea zaidi setilaiti, ilikuwa ghali, na mfanyabiashara wa kawaida aliipata kwenye duka la intaneti mjini. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika mwaka 2009, na EASSy mwaka 2010, gharama zilianza kushuka na intaneti ikaanza kuingia majumbani.

Wakati huo huo serikali zilihamishia kazi zao kwenye kompyuta. Kuanzia 2014 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutekeleza Himaya Moja ya Forodha, ambapo nyaraka za mzigo unaokwenda nchi nyingine ya Jumuiya hushughulikiwa na kodi kulipwa kabla mzigo haujaondoka bandarini Mombasa au Dar es Salaam. Vituo vya pamoja vya forodha vilizinduliwa Busia na Namanga mwaka 2018, ili lori likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Uganda ilianza kudai ankara za kielektroniki za EFRIS mwaka 2021, na nchini Kenya, tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki katika hesabu za kodi isipokuwa kwa misamaha iliyotajwa na sheria.

Matokeo yake ni kwamba karatasi sasa hutangulia lori. Mzigo ukiwa bado njiani, kazi yake ya mpakani inafanywa na mtu aliyekaa sebuleni Arusha, Kampala au Eldoret, akipakia nyaraka, akimtumia wakala wa forodha cheti cha uasili wa bidhaa na kumthibitishia muuzaji malipo. Sebule hiyo imekuwa sehemu ya mpaka, na ruta ndiyo geti lake.

Hesabu ya bando

Hasara inayoonekana kwanza ni kasi. Chukua mfano wa mfanyabiashara wa nafaka mwenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde. Akiwa peke yake, faili la megabaiti 30 lenye picha za nyaraka hupanda kwa sekunde 24 hivi. Laini hiyo hiyo ikigawanywa sawa kwa watu 10, kila mmoja hubaki na megabiti moja, na faili lile lile huchukua dakika nne.

Dakika nne peke yake si kitu. Tatizo ni pale mfumo wa serikali au wa benki unapomtoa mtu nje kwa sababu laini imekuwa nzito, akalazimika kuanza upya huku dereva akisubiri kwenye foleni. Kwa wasafirishaji, gari lililosimama bado linakula: posho ya dereva na utingo, maegesho, na marejesho ya mkopo wa gari.

Kwa mwenye bando la kipimo hesabu ni nyepesi zaidi. Video ya ubora wa juu hutumia takriban gigabaiti tatu kwa saa. Bando la gigabaiti 50 humalizika kwa saa 17 za filamu, na vijana wawili wa jirani wanaweza kulimaliza katika mwisho wa wiki mmoja bila nia yoyote mbaya.

Kinachoweza kuibwa na kisichoweza

Hapa inafaa kutenganisha hofu na ukweli. Zipo habari zinazosambazwa kwamba yeyote aliyeingia kwenye Wi-Fi ya mtu anaweza kusoma namba ya siri ya benki ikipita hewani. Kwa sehemu kubwa jambo hilo halipo tena. Tovuti za benki, mifumo ya forodha na huduma za barua pepe hufunga mawasiliano yao kwa msimbo kati ya kompyuta ya mteja na mitambo yao, na jirani aliyeko katikati huona vurugu ya herufi tu.

Hatari iliyobaki iko kwingine. Aliyeingia kwenye mtandao wa nyumba amekwisha kuvuka ukuta wa kwanza. Anaweza kuifikia kompyuta ya zamani ambayo haijawahi kufanyiwa masahihisho, mafaili yaliyowekwa wazi ili mke na mume wote wayaone, printa inayohifadhi nakala za nyaraka, au kamera za ulinzi zinazoonyesha ni saa ngapi mzigo unashushwa na nani yuko nyumbani.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni ruta yenyewe. Anayefika kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta anaweza kubadilisha mahali inapoulizia anwani za tovuti. Baada ya hapo mwenye nyumba huandika jina sahihi la tovuti, lakini hupelekwa kwenye ukurasa wa bandia unaofanana na ule wa kweli. Si nadharia. Nchini Brazil, wahalifu walibadilisha kwa njia hiyo mipangilio ya modemu za intaneti takriban milioni 4.5 katika tukio lililoanza mwaka 2011, na waathirika wakapelekwa kwenye kurasa za bandia zilizolenga taarifa zao za benki. Siku hizi simu na kompyuta hutoa onyo ukurasa usipothibitika, lakini mtu mwenye haraka hulibonyeza onyo hilo lipite.

Mwizi aliyepata neno la siri la barua pepe kwa njia hii, au kwa njia nyingine yoyote, haibi siku hiyo hiyo. Hukaa kimya akisoma mazungumzo kati ya mnunuzi wa Kampala na muuzaji aliyeko Dubai au Guangzhou. Siku ya malipo hutuma ankara inayofanana na ile ya kweli, yenye namba tofauti ya akaunti. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilipokea malalamiko ya udanganyifu wa aina hii yenye hasara ya dola bilioni 2.9 kwa mwaka 2023 peke yake. Fedha zikishatumwa, kuzirudisha kutoka nchi ya tatu ni kazi ngumu, na muuzaji halisi bado anadai chake.

Somo la duka moja la Marekani

Mfano unaojulikana zaidi wa Wi-Fi dhaifu kuiangusha biashara ni wa kampuni ya maduka ya TJX ya Marekani. Kuanzia mwaka 2005, kundi la wahalifu lilikaa ndani ya gari karibu na duka la Marshalls, moja ya matawi yake, likanasa mawimbi ya Wi-Fi ya duka hilo na kuingia. Kutoka dukani walifika kwenye mitambo mikuu ya kampuni. Habari ilipotangazwa mwaka 2007, kampuni ilikiri kuwa taarifa za kadi zipatazo milioni 45.7 zilikuwa zimechukuliwa. Kiongozi wa kundi hilo, Albert Gonzalez, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwaka 2010.

Walichokibaini wachunguzi wa Canada mwaka 2007 ndicho chenye somo kwa mfanyabiashara mdogo. Wi-Fi ya kampuni ilikuwa bado inalindwa kwa mfumo wa kizamani uitwao WEP, ambao wataalamu walionyesha udhaifu wake tangu mwaka 2001. Mfumo mbadala wa WPA ulikuwepo tangu 2003, na WPA2 tangu 2004. Kufuli jipya lilikuwa tayari sokoni, ila kampuni ilichelewa kulifunga. Mwaka huo wa 2007 watafiti wa Ujerumani walionyesha kuwa WEP inaweza kuvunjwa kwa muda usiozidi dakika moja.

Kosa la nani?

Swali la pili ni la kisheria. Mtu asiyejulikana akitumia laini ya nyumba kutapeli, kutukana au kuuza bidhaa ya wizi, kumbukumbu za kampuni ya intaneti huonyesha laini hiyo, na laini imeandikishwa kwa jina la mwenye nyumba. Uchunguzi huanzia hapo. Mwenye nyumba anaweza kujinasua, lakini kompyuta na simu zake zikichukuliwa kwa uchunguzi, biashara inasimama, na mzigo ulioko Malaba hausubiri.

Nchini Ujerumani suala hili lilifika Mahakama Kuu ya Shirikisho. Katika hukumu ya Mei 2010, mahakama hiyo ilishughulikia kesi ya mtu ambaye wimbo ulisambazwa kupitia laini yake wakati yeye yuko likizoni. Majaji walikataa kumbebesha fidia ya wimbo wenyewe, lakini walisema mwenye Wi-Fi ya nyumbani ana wajibu wa kuilinda kwa kiwango kinachofaa, na akishindwa anaweza kubeba gharama za barua ya onyo. Sheria ya nchi hiyo ililegezwa baadaye, mwaka 2017, hasa ili wenye Wi-Fi za wazi wasiandamwe, ila wazo la msingi linaeleweka popote.

Katika ukanda huu, kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya Kenya ya 2018 na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya Uganda ya 2011. Lakini sheria hizo ziko upande mmoja wa shilingi. Upande wa pili ni sheria za kulinda taarifa binafsi: Kenya na Uganda 2019, Rwanda 2021 na Tanzania 2022. Hizi humtaka anayeshika taarifa za watu wengine azitunze kwa usalama. Wakala wa forodha mwenye nakala za pasipoti, namba za mlipa kodi na leseni za madereva kwenye kompyuta ya nyumbani yumo ndani ya mkondo huo. Nchini Kenya, taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wahusika, anayezisimamia hutakiwa kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72.

Kwa nini geti limeachwa wazi

Kama hasara ni kubwa kiasi hiki, kwa nini watu hawafungi? Jibu lipo katika uchumi kuliko katika ufundi.

La kwanza, fundi anayekuja kufunga intaneti hupata ujira wake kwa kufunga, na kwake kila dakika ya ziada ni gharama. Huweka neno la siri ambalo mteja hatalisahau, na mara nyingi hilo huwa namba ya simu ya mwenye nyumba au jina la biashara na mwaka. Namba ya simu ya tarakimu 10 inayoanza na 07 huacha tarakimu nane za kubahatisha, sawa na namba milioni 100. Zinaonekana nyingi. Lakini anayenasa salamu za simu inapojiunga na ruta ya WPA2 huweza kwenda kubahatisha nyumbani kwake kimya kimya, na kompyuta yenye kadi nzuri ya picha hujaribu mamia ya maelfu kwa sekunde. Namba zote milioni 100 huisha chini ya dakika 10. Isitoshe, namba hiyo hiyo imeandikwa kwenye bango la duka.

La pili, gharama ya uzembe huangukia watu wengine. Ruta iliyotekwa huendelea kumpa mwenyewe intaneti kama kawaida huku ikitumiwa kushambulia mitandao ya mbali. Mei 2018 ilibainika kuwa ruta na vifaa vya kuhifadhia data zaidi ya 500,000 katika nchi zisizopungua 54 vilikuwa vimeambukizwa programu iliyopewa jina la VPNFilter, na FBI ikawaomba wenye ruta duniani kote wazizime na kuziwasha upya. Kwa kuwa hasara haionekani kwenye bili ya mwenye ruta, hana msukumo wa kuizuia. Wanauchumi huziita hizi gharama za nje, sawa na moshi wa lori bovu unaovutwa na wasafiri wa barabara nzima.

La tatu ni vifaa vyenyewe. Ruta za mitumba huuzwa rahisi, na zipo zilizoachwa na watengenezaji wake bila masahihisho mapya. Mei 2025 FBI ilitoa tahadhari kuhusu ruta za aina hiyo, ikieleza kuwa wahalifu huziteka na kuuza njia ya kupitia ndani yake ili matendo yao yaonekane yametoka nyumbani kwa mtu mwingine. Uingereza ilichukua hatua upande wa soko: tangu Aprili 29, 2024, ni marufuku huko kuuza kifaa cha intaneti chenye neno la siri jepesi linalofanana kwa vifaa vyote. Waagizaji wa vifaa vya umeme wa ukanda huu wana sababu ya kulifuatilia hilo, kwani bidhaa inayokataliwa kwenye soko moja hutafuta soko jingine.

La nne ni ujirani. Kumnyima jirani neno la siri huonekana uchoyo, hasa kwa mtu anayejulikana kuwa na uwezo. Anayepewa humpa mwenzake, na simu za siku hizi huhamisha ruhusa hiyo kwa kupiga picha ya alama ya msimbo tu. Baada ya mwaka mmoja, aliyekuwa mfanyakazi, mpangaji aliyehama na fundi wa friji wote bado wamo.

Kazi ya saa moja

Habari njema ni kwamba kufunga geti hili hakuhitaji fedha nyingi, na kwa ruta ya miaka ya karibuni hakuhitaji fedha kabisa. Mambo yafuatayo yanaweza kukamilika kwa saa moja.

Hatua ya kwanza ni kutofautisha maneno mawili ya siri. Lipo la kujiunga na Wi-Fi, na lipo la kuingia kwenye mipangilio ya ruta. Hili la pili husahaulika, na mara nyingi hubaki lile la kiwandani, ambalo yeyote anaweza kulipata kwa kutafuta jina la modeli ya ruta. Ukurasa wa mipangilio hufunguliwa kwa kuandika kwenye kompyuta namba iliyobandikwa chini ya ruta, ambayo kwa kawaida ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Kwa ruta zinazosimamiwa na kampuni ya intaneti, mteja hupiga simu huduma kwa wateja na kuomba abadilishiwe.

Hatua ya pili ni kuchagua aina ya kufuli. WPA3, iliyotoka mwaka 2018, ndiyo bora, kwa kuwa huzuia ule ubahatishaji wa kimya kimya. Kama vifaa vya nyumbani ni vya zamani, WPA2 yenye msimbo wa AES inatosha, mradi neno la siri liwe refu. Ruta inayotoa WEP au WPA ya kwanza tu imekwisha muda wake, na inafaa kubadilishwa.

Hatua ya tatu ni neno la siri lenyewe. Mfumo hukubali kuanzia herufi nane hadi 63. Maneno manne au matano yasiyohusiana, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu na kuunganishwa, hukumbukika kwa urahisi na ni magumu kubahatisha kuliko jina la mtoto lenye alama ya dola katikati. Jina la Wi-Fi nalo lisitaje biashara wala namba ya nyumba, maana kuandika jina la kampuni hewani ni kumwelekeza mwizi pa kugonga.

Hatua ya nne ni kuzima WPS, ile njia ya kuunganisha kwa kubonyeza kitufe au kwa tarakimu nane. Desemba 2011 mtaalamu Stefan Viehböck alionyesha kuwa tarakimu hizo huweza kubahatishwa kwa majaribio 11,000 tu, hata kama neno la siri la Wi-Fi ni refu namna gani. Inafaa pia kuzima uwezo wa kusimamia ruta kutoka nje ya nyumba, na kuruhusu ruta ijifanyie masahihisho ya programu pale inapowezekana.

Hatua ya tano ni mtandao wa wageni. Ruta nyingi za sasa huweza kutoa Wi-Fi mbili kwa laini moja. Ya kwanza ibaki kwa kompyuta ya kazi, simu za malipo na printa. Ya pili, yenye neno lake la siri, wapewe wageni, watoto, televisheni na jirani mwema. Ruta zinazoruhusu kupunguza kasi ya wageni humaliza ugomvi bila kumvunjia mtu heshima: jirani hanyimwi, lakini pia haingii chumbani.

Hatua ya sita ni daftari. Ukurasa wa ruta huonyesha orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Wahenga wa dukani walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mara moja kwa mwezi, mwenye nyumba ahesabu: simu ngapi, kompyuta ngapi, televisheni ngapi. Idadi ikizidi, abadilishe neno la siri, na wote waliomo hutoka kwa pamoja. Jambo hilo hilo lifanyike kila mfanyakazi anapoacha kazi, kama vile kitasa cha ghala kinavyobadilishwa.

Ipo mbinu mbili zinazosifiwa kupita kiasi. Kuficha jina la Wi-Fi hakumzuii mtu mwenye programu ya kawaida ya kunasa mawimbi. Kuruhusu vifaa kwa namba zao za utambulisho nako hakutoshi, kwa sababu namba hizo huigwa kirahisi, na simu mpya huzibadilisha zenyewe kwa kila mtandao ili kulinda faragha. Mbinu hizo zinaweza kusaidia kidogo, lakini hazichukui nafasi ya neno la siri refu.

Anayeuza au kununua ruta ya mtumba ana kazi ya ziada: kuirudisha kwenye hali ya kiwandani kwa kubonyeza kitundu cha nyuma. Inayouzwa bila kufutwa huondoka na siri za laini ya mwenyewe, na inayonunuliwa bila kufutwa inaweza kuingia nyumbani na mipangilio ya mtu mwingine.

Kufuli halimalizi kazi

Hata hivyo, itakuwa makosa kudhani kuwa ruta iliyofungwa vizuri inamlinda mfanyabiashara na kila kitu. Udanganyifu mwingi wa ankara huanza kwa barua pepe ya hila inayomfanya mtu atoe neno la siri mwenyewe, bila mwizi kusogea karibu na Wi-Fi. Kwa hiyo barua pepe ya biashara iwekewe uthibitisho wa hatua mbili. Na ankara yoyote inayokuja na akaunti mpya ithibitishwe kwa kumpigia muuzaji simu, kwa namba iliyokuwepo kabla, si ile iliyoandikwa kwenye ankara hiyo.

Madereva nao wana hali yao. Kwenye nyumba za wageni na migahawa ya mpakani, Wi-Fi ya bure hutumiwa na watu wasiojuana. Kwa kazi za nyaraka na malipo, bando la simu yenyewe ni salama zaidi. Kampuni zinazowapa wafanyakazi wake VPN zikumbuke kuwa Tanzania ina utaratibu wa kuzisajili, ambao Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) iliusisitiza kwa tangazo la Oktoba 2023, hivyo kinachotumika upande mmoja wa Namanga huenda kikahitaji taarifa upande wa pili.

Kwa kampuni za intaneti, suluhisho lipo ndani ya uwezo wao. Ruta inayotoka kwao ikiwa na neno la siri refu na la pekee, WPS ikiwa imezimwa na mtandao wa wageni ukiwa tayari, mteja atakuwa salama bila kufanya lolote, kwa sababu watu wengi huacha mipangilio kama walivyoikuta. Vyama vya wasafirishaji na vya mawakala wa forodha navyo vina nafasi. Mkutano unaojadili hali ya barabara na tozo za mizani unaweza kutenga nusu saa ya kuonyesha jinsi ya kufungua ukurasa wa ruta.

Serikali za ukanda huu zimetumia miaka na fedha nyingi kupunguza siku ambazo mzigo hukaa mpakani. Faida hiyo humfikia mfanyabiashara kupitia laini ile ile anayoitumia mtoto kutazama katuni na jirani kutazama mpira. Kuifunga ni kazi ya saa moja. Kuifuatilia fedha ya kontena iliyotumwa kwenye akaunti ya mwizi ni kazi ya miezi, na kuna wanaoifanya bila kuambulia kitu.